Katibu Mahsusi wa Meneja: Namna ya Kumwajiri na Kufanya Kazi Pamoja Naye

Chukuliwe mfano wa chama cha msingi cha wakulima wa mahindi. Mwezi wa Oktoba benki inakiandikia chama barua kwamba mkopo wa mbolea uko tayari, ila katika muda wa siku 14 chama kilete muhtasari wa mkutano mkuu ulioidhinisha mkopo huo, pamoja na kibali cha Mrajis cha ukomo wa madeni. Barua inafika ofisini siku ya Jumatatu. Meneja amesafiri kwenda mkoani kwa siku nne. Mlinzi anaipokea na kuiweka mezani, na juu yake zinawekwa stakabadhi za ghala. Meneja anaporudi anakuta watu 20 wanamsubiri mlangoni na simu haikomi kulia. Barua ile inaonekana siku ya 16. Mbolea inafika mvua zikiwa zimekwisha kunyesha kwa wiki tatu, na wanachama wamekwisha kupanda bila mbolea ya kupandia.

Katika mfano huu hakuna aliyeiba hata senti moja. Mkaguzi atakapokuja hataona upungufu wowote katika daftari la fedha. Hata hivyo wanachama wamepata hasara, na hasara hiyo itaonekana katika magunia watakayovuna. Hasara za namna hii haziandikwi katika mizania, na kwa sababu hiyo hazizungumzwi sana katika mikutano mikuu. Chanzo chake ni kwamba kazi ya kupokea barua, kuipanga, kuikumbusha na kuifuatilia haikuwa kazi ya mtu yeyote. Katika ofisi iliyopangwa vema, kazi hiyo ni ya katibu mahsusi.

JINA NA KAZI

Neno "katibu" lina maana zaidi ya moja katika ushirika, na yafaa maana hizo zitenganishwe. Zamani mtendaji mkuu wa chama cha msingi aliitwa Katibu, na hata leo wako wanachama wanaomwita meneja wao kwa jina hilo. Katibu mahsusi ni mtumishi mwingine. Wengine humwita mhazili, na matangazo ya kazi za Serikali ya miaka ya hivi karibuni humtaja kwa jina la Mwandishi Mwendesha Ofisi. Yeye hakiongozi chama wala haamui mambo yake. Kazi yake ni kumwezesha meneja kuamua kwa wakati, karatasi zote zinazohusika zikiwa mbele yake.

Wengi hudhani kwamba kazi hiyo ni kuchapa barua tu. Kuchapa ni sehemu ndogo. Katibu mahsusi hupokea wageni, huwauliza shida zao na kuwaelekeza kwa anayehusika. Hutunza kumbukumbu za miadi, safari na tarehe za vikao. Humtafutia mkuu wake majalada na nyaraka, hufikisha maagizo yake kwa watumishi wengine, na huhakikisha kwamba jalada lililotoka linarudi. Siku hizi hupokea pia barua pepe na ujumbe wa simu, ambao nao ni barua za chama na hustahili kuandikwa katika rejesta kama zilivyo barua za karatasi.

KABLA YA KUAJIRI

Si kila chama kinahitaji mtumishi huyu. Njia rahisi ya kujua ni meneja kuandika katika daftari, kwa muda wa wiki mbili, kila kazi anayoifanya na muda inaochukua. Kisha kazi hizo zigawanywe katika mafungu mawili: zile zinazohitaji madaraka yake, kama vile kuzungumza na mnunuzi, kukagua ghala na kutia saini; na zile ambazo mtu mwingine aliyefundishwa angeweza kuzifanya, kama vile kutafuta jalada, kupanga safari na kuita wajumbe kikaoni. Ikiwa fungu la pili halifiki nusu siku kwa kila siku, chama hakina haja ya mtumishi wa siku nzima. Karani aliyepo anaweza kupelekwa mafunzoni, au vyama viwili jirani vinaweza kumwajiri mtu mmoja kwa siku zilizogawanywa, ili mradi majalada ya kila chama yawe katika kabati lake.

Ikiwa haja ipo, gharama yake yote itiwe katika makisio ya mapato na matumizi yanayopelekwa mbele ya mkutano mkuu. Mshahara ni sehemu moja tu ya gharama hiyo. Upo mchango wa hifadhi ya jamii, ambao kwa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hulipa nusu yake au zaidi. Upo mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Zipo pia meza, kabati lenye kufuli, kompyuta na vifaa vya kuandikia. Mwanachama akielezwa mapema kwamba fedha hizo zinanunua majibu ya barua na malipo yasiyochelewa, ataelewa. Asipoelezwa, ataona mtu mpya ameketi mlangoni na kudhani kwamba ushuru wake unaliwa.

KUMCHAGUA

Kwanza kazi iandikwe. Karatasi moja inatosha: mtumishi atafanya nini, ataripoti kwa nani, atashika funguo zipi, na mambo gani hayamhusu. Bodi isipoandika hayo kabla ya kutangaza nafasi, itajikuta inamtafutia mtu kazi badala ya kuitafutia kazi mtu.

Pili, nafasi itangazwe kwa uwazi kwenye ubao wa chama, katika ofisi ya kata na kwenye ofisi ya chama kikuu. Jambo linaloviumiza vyama vingi hapa ni undugu. Mpwa wa mwenyekiti anaweza kuwa mtumishi hodari, lakini mwanachama atakayekuja kumlalamikia mwenyekiti hatakuwa na mlango wa kupitia. Mjumbe wa Bodi mwenye ndugu miongoni mwa waombaji aseme hivyo waziwazi, na atoke nje wakati wa usaili, na jambo hilo liandikwe katika muhtasari.

Tatu, elimu ipimwe. Stashahada ya uhazili ni msingi mzuri. Chuo cha Utumishi wa Umma, kampasi ya Tabora, ambacho wengi bado wanakijua kwa jina lake la zamani la Chuo cha Uhazili, kimewafundisha wengi kazi hii. Kwa miaka mingi matangazo ya kazi za Serikali yamedai hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza ya maneno 100 kwa dakika moja. Leo vinasa sauti vimepunguza matumizi ya hatimkato, lakini havikuondoa haja ya sikio linaloweza kutofautisha uamuzi na maoni. Kinasa sauti huhifadhi yote yaliyosemwa, nao muhtasari hutaka yaliyoamuliwa.

Nne, cheti kisiachwe peke yake. Mwombaji apewe kazi nne fupi zinazofanana na kazi atakayoifanya:

(a) Apewe barua 10 zilizochanganywa, azipange kwa haraka yake katika dakika 20 na kueleza sababu.

(b) Asikilize mazungumzo ya wajumbe kwa dakika 10, kisha aandike maamuzi tu, pamoja na jina la atakayetekeleza na tarehe.

(c) Aandike jibu la barua ya mwanachama ambaye malipo yake ya pili yamechelewa, kwa Kiswahili cha heshima kisichoahidi lisilowezekana.

(d) Aulizwe atafanya nini iwapo afisa wa benki anapiga simu kwa jambo la haraka na meneja hapatikani.

Katika swali la mwisho, anayejibu kwamba atamwambia afisa apige kesho, na anayejibu kwamba atakubali kwa niaba ya meneja, wote wawili wamekosea. Anayefaa ni yule atakayeuliza jambo lenyewe na siku ya mwisho, akaliandika, akamtafuta meneja kwa kila njia, na akimkosa akampelekea habari mwenyekiti au mtu aliyekaimishwa.

Kazi hii isichukuliwe kuwa ya wanawake tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya jinsia, ndoa au ujauzito. Basi maswali kama "Utaolewa lini?" au "Una watoto wangapi?" hayana nafasi katika chumba cha usaili.

MKATABA

Mtumishi aandikiwe masharti ya ajira yake: aina ya kazi, mahali pa kazi, tarehe ya kuanza, muda wa mkataba, saa za kazi na malipo. Kwa mujibu wa Sheria hiyo, saa za kawaida za kazi hazizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo, na likizo ya uzazi ni siku 84. Haya yakumbukwe hasa wakati wa msimu wa ununuzi, ambapo ofisi hufungwa usiku na katibu mahsusi huwa wa mwisho kuondoka. Chama kilichoundwa ili mkulima asipunjwe jasho lake hakina udhuru wa kumpunja mtumishi wake.

Muda wa majaribio utajwe katika mkataba. Mwisho wa mwezi wa kwanza na mwisho wa mwezi wa tatu, meneja na mtumishi waketi na ile karatasi ya kazi, wasome kipengele kimoja kimoja: kipi kinakwenda vema, kipi hakiendi, na kwa nini. Kosa lililoelezwa mwezi wa kwanza hurekebishika. Likinyamaziwa mwaka mzima huwa ugomvi.

KAZI YA KILA SIKU

Vyama vingine humpata mtumishi mzuri, kisha vikakosa faida yake kwa sababu meneja hakubadili desturi zake. Anaendelea kutia barua mfukoni, kutoa miadi njiani na kukumbuka tarehe kichwani. Msaidizi asiyepewa habari hawezi kusaidia.

Dawa ya kwanza ni mazungumzo ya dakika 15 kila asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa. Maswali ni manne: Jana kumeingia nini? Leo anakuja nani? Ni jambo gani linakaribia siku yake ya mwisho? Ni ahadi gani iliyotolewa na haijatimizwa? Meneja akiwa safarini, mazungumzo hayo yafanywe kwa simu.

Dawa ya pili ni njia moja ya barua. Kila barua ipigwe muhuri wa tarehe siku hiyo hiyo, iandikwe katika rejesta ya barua zinazoingia, itiwe katika jalada lake na kupewa namba ya folio. Ndipo jalada limfikie meneja, likiwa katika moja ya mafungu matatu: ya leo, ya wiki hii, na ya kujua tu. Barua isimfikie bila jalada, maana meneja asiyeona yaliyotangulia anaweza kuandika jibu linalopingana na jibu lake mwenyewe la mwezi uliopita.

Dawa ya tatu ni kisanduku cha ukumbusho chenye nafasi 31, moja kwa kila tarehe ya mwezi. Jambo linalotakiwa kukamilika tarehe 20 huwekewa kikaratasi katika nafasi ya tarehe 15. Kila asubuhi katibu mahsusi hutoa vikaratasi vya siku hiyo. Wenye kompyuta au simu wanaweza kutumia kalenda iliyomo ndani yake kwa njia hiyo hiyo, lakini kisanduku hakikatikiwi na umeme.

Kuhusu vikao vya Bodi, katibu mahsusi huandaa kabrasha na kulipeleka kwa wajumbe mapema ili walisome. Baada ya kikao, rasimu ya muhtasari iwe tayari katika siku tatu, watu wangali wanakumbuka. Ukurasa wa yatokanayo uonyeshe kwa kila uamuzi nani atatekeleza na lini. Muhtasari ni wa Bodi: huthibitishwa na kikao kinachofuata na kutiwa saini. Katibu mahsusi haongezi wala hapunguzi neno baada ya hapo, hata akiagizwa na mkubwa.

MIPAKA

Uaminifu bila mipaka humponza hata mtu mwema. Katibu mahsusi asipokee fedha taslimu wala asitunze hundi. Meneja na mwenyekiti wasimwachie hundi au karatasi za barua zilizotiwa saini zikiwa tupu "kwa ajili ya dharura". Nywila ya meneja katika mfumo wa benki, au katika mfumo wa usimamizi wa vyama vya ushirika ujulikanao kama MUVU, isiazimwe. Kila mtumiaji awe na yake. Likitokea tatizo, nywila iliyoazimwa humfanya asiye na hatia ashindwe kujitetea, naye mwenye hatia apate pa kujificha.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na katibu mahsusi huiona mishahara, madeni ya wanachama na barua za nidhamu. Hayo yabaki ofisini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, imekwisha kuweka wajibu juu ya wanaotunza taarifa za watu, na daftari la wanachama lenye namba za simu na akaunti ni taarifa za namna hiyo. Lakini siri isigeuzwe pazia. Masharti ya chama, mizania iliyokaguliwa na muhtasari wa mkutano mkuu ni vya wanachama. Mwanachama anayeomba kuvisoma aoneshwe.

MLANGO WA WANACHAMA

Mwanachama aliyetembea saa mbili hukijua chama chake kwa namna alivyopokewa. Mathalani, mama mzee anaingia kuulizia malipo ya pili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja juu ya malipo ya pili. Wenzangu wamekwisha kupata."

Jibu baya linajulikana: "Meneja yuko kikaoni, njoo kesho." Jibu jema ni kumpa mama kiti, kuandika jina na namba yake ya uanachama, na kuitazama stakabadhi yake, kisha kumwambia: "Meneja yuko kikaoni mpaka saa nane, mama. Lakini jambo hili mhasibu anaweza kulitazama sasa hivi. Likimshinda, jibu lako litakuwa tayari siku ya Alhamisi, na nitakupigia simu usitembee bure." Jambo hilo hutiwa katika kisanduku chini ya Alhamisi, na Alhamisi simu hupigwa, hata kama jibu lenyewe ni kwamba bado.

WAJIBU WA MENEJA

Meneja asimtume msaidizi wake sokoni wala nyumbani kwake kwa mambo yake binafsi. Asimwagize kusema "hayupo" hali yuko ndani, kwa kuwa mtumishi anayefundishwa kuwadanganya wanachama atakuja kumdanganya na meneja. Akikosea meneja, asimsukumie kosa hilo. Aidha, kutumia cheo kudai rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Bodi imwelekeze mtumishi tangu siku ya kwanza ni nani wa kumpelekea malalamiko ikiwa anayemlalamikia ni meneja mwenyewe.

Kadhalika, elimu isiishie siku ya kuajiriwa. Kanuni ya tano kati ya kanuni saba za ushirika zilizokubaliwa na Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika huko Manchester mwaka 1995 inahusu elimu, mafunzo na taarifa, na inawataja watumishi pamoja na wanachama.

KUMBUKUMBU ZA CHAMA

Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika nchini Tanzania vilivunjwa, na Sheria ya mwaka 1982 ikafungua njia ya kuviunda upya. Katika mabadiliko kama hayo viongozi huondoka na watumishi hutawanyika, lakini viwanja, maghala na madeni hubaki, na mwenye hati ndiye mwenye hoja. Mali bila daftari hupotea bila habari. Jalada lililotunzwa vema leo ni ushahidi kwa wajukuu wa wanachama wa sasa. Hivyo katibu mahsusi anapoondoka kazini, makabidhiano yafanywe kwa maandishi, jalada kwa jalada na ufunguo kwa ufunguo.

Sasa na irejewe ile barua ya benki. Imefika Jumatatu. Katibu mahsusi anaipiga muhuri, anaisoma, anaona siku 14. Anampigia simu meneja mkoani. Anatoa katika jalada muhtasari wa mkutano mkuu na kibali cha Mrajis, anavitolea nakala, na kuandika rasimu ya barua. Anaweka kikaratasi cha ukumbusho siku ya tano, tena siku ya kumi. Ijumaa meneja anarudi, anahakiki na kutia saini, na Jumatatu inayofuata nyaraka ziko benki, zikiwa zimebaki siku saba. Mbolea inaweza kufika kabla ya mvua.

Kila Bodi inaweza kuanza na jambo dogo: katika kikao kijacho imwombe meneja alete daftari lake la wiki mbili, na wajumbe waulizane barua ya mwisho iliyochelewa ilikaa wapi, na kwa nini.